Mita 300 zimepatikana: mapitio ya mpango wa ardhi wa kijiji, wiki ya tisa

Imekaa! Saa tano na robo usiku, ukuta wa lambo kwenye ramani yetu umelala juu ya ukuta wa lambo kwenye picha ya setilaiti kama kifuniko na sufuria yake. Nimemwamsha mke wangu aje aone. Kaangalia, kasema "haya, hongera", karudi kulala. Ninyi angalau mtanielewa.

Kwa waliochelewa kuingia: tunapitia upya mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, ule wa kwanza umemaliza miaka yake kumi. Hatua sita za mwongozo wa kupanga ardhi ya kijiji mnazijua, sitazirudia. Mimi si mpima wala afisa ardhi, nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi. Ndiyo maana kamati ilipohitaji mtu mwenye kompyuta, macho yote yalinigeukia mimi.

Tulichorithi ni ramani moja ya A3 iliyopigwa lamination, na ripoti ambayo mwisho wake kuna jedwali la majira-nukta za mipaka, yaani namba zinazoonyesha kila kona iko wapi duniani. Faili zenyewe za kompyuta hakuna anayejua ziliko. Waliotuandalia walimaliza, wakapiga picha na halmashauri ya kijiji, wakapanda gari. Jedwali lina namba za mashariki na za kaskazini, basi. Zimepimwa kwa msingi upi, yaani zimeanza kuhesabiwa kutoka wapi na kwa umbo lipi la dunia? Kimya. Neno moja tu pale juu ya jedwali lingeniokolea wiki tano.

Nikachapa jedwali lote kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, nikahamishia kwenye simu, tukatoka kutembea mpaka wa malisho na mashamba. Kwetu mpaka huo unakwenda mashariki-magharibi, mashamba yako kaskazini, malisho kusini. Tulipofika kwa mama mmoja mwenye mtama, kile kidoti cha bluu cha kuonyesha tulipo kilikuwa kimekaa katikati ya malisho. Mama akachungulia simu, akaniambia, "Mwanangu, hiyo simu yako imewapa ng'ombe shamba langu." Mzee mmoja wa upande wa wafugaji akadakia, "Basi tuishukuru simu." Watu wakacheka. Mama hakucheka.

Msidhani ni jambo dogo. Sehemu hiyo ya mpaka ina urefu wa kilomita mbili. Zidisha kwa mita 300 ambazo mstari ulikuwa umehama, unapata hekta 60, karibu ekari 150, zinazohama kutoka kwa wakulima kwenda kwa wafugaji kwa sababu ya namba. Watu wamefikishana kwenye baraza la ardhi kwa ugomvi wa hatua tano.

Nilianza kwa kushuku kanda. Kijiji chetu kinakatwa na longitudo ya 36, kwa hiyo nusu yetu iko kanda ya 36 ya UTM, mfumo unaoikata dunia vipande na kupima kila kipande kwa mita, na nusu iko ya 37. Kwenye jedwali, namba nyingine za mashariki zinaanza na 83, nyingine na 16. Lakini kosa la kanda halijifichi, linakutupa mamia ya kilomita, unajikuta uko Burundi au umezama Bahari ya Hindi. Hilo nililimaliza siku ya kwanza.

Nikashuku simu. Nikachukua simu tatu, nikaziweka kwenye kona ya darasa la kwanza shule ya msingi, nikakaa nazo saa nzima juani. Zote tatu zilikubaliana, mita tatu nne hivi. Nikashuku vidole vyangu. Binti yangu akanisomea jedwali zima kwa sauti, mistari yote, nami nikitia tiki. Makosa mawili tu, tena madogo. Nikabaki na wapima wa zamani, na hapo nilisema maneno ambayo leo nayarudisha mdomoni. Wapima wale walipima vizuri.

Kilichonifungua macho ni daftari. Nilipima sehemu tano ambazo hazina ubishi: ukuta wa lambo, kona ya shule, josho, daraja la korongo, na bikoni moja (jiwe la alama la wapima) tuliyoikuta ndani ya kichuguu. Zote kwenye ramani zilikuwa zimeruka kaskazini karibu mita 300 na magharibi karibu mita 90. Zote! Makosa ya mkono wa mtu hutawanyika kama kuku wa kienyeji. Haya yalikuwa yanakwenda gwaride.

Jibu nilikutana nalo kwenye GPS ya mkononi ya kuazima, ya zamani, kioo kimepasuka. Nikiwa napekua mipangilio, nikaona imeandikwa Arc 1960. Wenye fani najua mnatikisa kichwa. Ndiyo, Arc 1960, msingi ambao ramani zetu nyingi za zamani Tanzania, Kenya na Uganda zimechorwa juu yake, kwa umbo la dunia la Clarke 1880. Simu zinatumia msingi mwingine, WGS 84, ule wa GPS. Namba zinafanana kwa sura, zote mita, zote UTM, ila hazisemi mahali pamoja. Jedwali letu lilikuwa la Arc, mimi nikalisoma kama WGS.

Hata baada ya kujua, nilipoteza siku nne nyingine. Kuna kuiambia QGIS kwamba tabaka hili ni la 21036 (namba ya siri ya Arc 1960, kanda ya 36), na kuna kulihifadhi upya kwenda 32736 (kanda hiyohiyo, ila kwa WGS 84). Mimi nilikuwa nabandika lebo mpya juu ya namba zilezile kisha nashangaa kwa nini hazisogei. Ni sawa na kubandika "sukari" kwenye kopo la chumvi. Ukilifanya vizuri, programu inakuuliza utumie ubadilishaji upi. Nilijaribu ule wa jumla wenye namba -160, -6, -302, yaani mita za kusogeza kila upande, kisha ule wa Tanzania peke yake. Matokeo hayakupishana hata mita kumi. Nikachukua wa Tanzania, nikafunga mjadala.

Kidogo kuhusu zana. Programu za simu za kupimia shamba ni nzuri kwa kujua ekari zako, lakini nyingi hazikuulizi msingi wala hazikuambii zinatumia upi. Ukiingiza namba za jedwali la zamani, zinapokea kila kitu kwa tabasamu. QGIS ina sura ya chumba cha rubani na kompyuta yangu inapumua kama ina pumu kila nikiifungua, ila haidanganyi. Na kamba ya mita 50 bado naiheshimu.

Wiki hii nilipanga kuandika rasimu ya sheria ndogo, hasa zile mita 60 za kando ya mto ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 imezitaja na korongo letu halizijui. Sijaandika hata mstari. Nimeshikwa na jambo jingine: bango.

Ile A3 imechorwa kwa skeli ya 1:25,000. Mita 300 juu yake ni sentimita moja na kidogo, unene wa kidole gumba. Mzee akiweka kidole kuonyesha shamba lake, kosa lote limejificha chini ya ukucha. Ndiyo maana miaka kumi hakuna aliyeliona, hadi simu zilipoingia. Mjini kuna jamaa wanachapa mabango ya kampeni. Kijiji chetu kina upana wa kilomita nane, kwa skeli ya 1:5,000 kinaingia kwenye bango la mita mbili. Tutalitandika chini ya mwembe, kaskazini ya bango ielekee kaskazini ya kweli, watu wavue viatu wasimame juu ya vitongoji vyao. Mkutano mkuu ndio wenye kauli ya mwisho, na mkutano haupitishi kitu usichokiona.

Yule mama wa mtama alikuja kibandani asubuhi, nikamwonyesha. Shamba lake liko nje ya malisho, lote. Akauliza swali ambalo mimi kwa furaha yangu sikulifikiria: "Sasa na kule mwisho wa malisho, kusini, nako si kumeshuka?" Kumeshuka. Mashamba matatu yaliyoonekana yako nje sasa yako ndani, na yameshapandwa alizeti. Moja ni la shemeji yangu. Mchana amepita kutoa kopi ya kitambulisho, tukaongea habari za mvua, nikamrudishia chenji yake.