Jioni Tuliyobishana Juu ya Hospitali Mbili

Wakati tulipokuwa tukijiandaa kwa GMAT, mtihani wa kuombea nafasi ya masomo ya uzamili ya biashara, tulikuwa watu watatu tuliokutana jioni baada ya kazi: mimi, dada mmoja aliyekuwa muuguzi, na mhasibu ambaye sote tulimwita kaka kwa sababu alituzidi umri. Jioni ninayoikumbuka kuliko nyingine zote tuliitenga kwa maswali yanayomtaka mtahiniwa adhoofishe hoja, na swali moja tu likatuchukulia muda wote. Katika chumba cha mtihani jambo hilo lisingewezekana, kwa kuwa sehemu ya lugha ina maswali 23 ya kujibiwa kwa dakika 45. Hata hivyo, naamini kwamba ubishi wa jioni ile ulitufaa kuliko mazoezi mengi tuliyoyamaliza haraka.

Swali lenyewe lilieleza kwamba katika Hospitali ya Kwanza hufariki wagonjwa 6 kati ya kila 100 wanaolazwa, ilhali katika Hospitali ya Pili hufariki 3. Mtoa hoja akahitimisha kwamba mgonjwa yeyote ana nafasi kubwa zaidi ya kupona akilazwa katika Hospitali ya Pili. Tuliulizwa ni kauli ipi kati ya tano ambayo, ikichukuliwa kuwa ni ya kweli, inaidhoofisha hoja hiyo zaidi.

Dada alivutwa kwanza na kauli iliyosema kwamba Hospitali ya Kwanza hulaza wagonjwa mara mbili ya wale wa Hospitali ya Pili. Kaka alimtolea hesabu pale pale: wakiwa 100 au 1,000, kiwango kimekwisha kupimwa kwa kila mia, kwa hiyo wingi wa wagonjwa peke yake haubadilishi kitu. Yeye akachagua kauli nyingine, kwamba kumbukumbu za hospitali zote mbili huandikwa kwa mkono na huweza kuwa na makosa. Nilielewa mara moja kwa nini ilimvutia. Mtu anayeshinda akikagua vitabu vya hesabu huanza kwa kuzitilia shaka takwimu zenyewe, na katika kazi yake hiyo ndiyo busara.

Nilimwomba tuisome kauli yake tena, neno kwa neno. Makosa ya kuandika kwa mkono yanaweza kutokea katika hospitali zote mbili, na kauli haisemi kwamba yaliongeza vifo upande mmoja au kuvipunguza upande mwingine. Kwa hiyo haitupi sababu ya kudhani kwamba tofauti ya 6 na 3 si ya kweli. Zaidi ya hayo, maswali ya aina hii kwa kawaida huuacha ushahidi usimame kama ulivyotolewa. Kinachochunguzwa ni hatua ya kutoka kwenye ushahidi kwenda kwenye hitimisho, na katika hatua hiyo ndimo inamojificha dhana ambayo mtoa hoja hakuitaja. Hapa dhana hiyo ni kwamba wagonjwa wa hospitali hizi mbili walikuwa katika hali zinazolingana walipolazwa.

Nilipoitaja dhana hiyo, dada aliweka kalamu chini na kutusimulia habari za wodi yake. Wagonjwa walioletwa na barua za rufaa, alisema, walifika wakiwa wamekwisha kushindikana kwingine, baadhi yao wakiwa hawajitambui, na kwa wengine hapakuwa na la kufanya ila kuwapunguzia maumivu. Mtu anayehesabu vifo bila kuuliza nani aliletwa na akiwa katika hali gani, ataiona wodi hiyo kuwa ni mahali pa kuogopwa. Kisha akanyoosha kidole kwenye kauli ya tatu: Hospitali ya Kwanza hupokea wagonjwa mahututi wanaohamishwa kutoka hospitali nyingine, ikiwamo Hospitali ya Pili.

Ubishi wenyewe ndipo ulipoanza, kwa kuwa kaka hakukubali. "Dada, hata kama hilo ni kweli," alisema, "bado inawezekana kwamba Hospitali ya Pili inatibu vizuri zaidi. Hujathibitisha kitu." Kwa maoni yangu, hilo ndilo pingamizi zito kuliko yote yanayoweza kutolewa katika maswali haya, nami nilitaka lijibiwe kwa ukamilifu. Ni kweli kwamba kauli ya tatu haithibitishi kuwa hitimisho ni la uongo, lakini swali halikutaka tuliangushe hitimisho. Lilitaka kauli inayotufanya tuwe na sababu ndogo zaidi ya kuliamini kuliko tuliyokuwa nayo kabla ya kuisoma.

Nikamkumbusha kaka habari za Ronald Fisher, mtakwimu mashuhuri wa Uingereza, ambaye katika miaka ya 1950 alisema kwamba uhusiano kati ya uvutaji wa sigara na saratani ya mapafu huenda unatokana na urithi unaomfanya mtu apende kuvuta na papo hapo awe mwepesi kupata ugonjwa huo. Kwa umbo lake, pingamizi la Fisher ni jibu sahihi la swali la kudhoofisha: linaleta chanzo cha tatu na kuuacha ushahidi ulivyo. Hata hivyo, ushahidi uliofuata ulionyesha wazi kwamba sigara ndiyo inayosababisha saratani hiyo. Hoja inaweza kudhoofishwa kwa haki leo, na hitimisho lake likaja kuthibitika kesho kwa ushahidi mwingine.

Kaka alinyamaza, akavuta karatasi na kuandika kauli ya sita, ambayo haikuwamo katika swali: kwamba hata wagonjwa waliolazwa wakiwa na ugonjwa mmoja na ukali ule ule, walifariki zaidi katika Hospitali ya Kwanza. Akauliza kama kauli hiyo ingeirudishia hoja nguvu iliyopotea. Dada alijibu kwamba ingeirudishia sehemu kubwa, ila angetaka kwanza kujua umri wao, na wawili hao wakaanza kuitafuta kauli ya saba.