Chati ya Okonkwo: sura ya 7 imekubali!

Imekubali jamani! Mnaofuatilia hii chati yangu ya kinaya kwenye riwaya ya Things Fall Apart ya Chinua Achebe (wengi mmeisoma kama Shujaa Okonkwo) mnajua sura ya 7 ilivyonigomea. Safu mbili tu, anachojua msomaji na anachojua Okonkwo, shujaa wa riwaya, ile tofauti ndo kinaya chenyewe, na mambo yalikuwa yanaenda fresh hadi Ikemefuna, mtoto wa kijiji kingine anayelelewa kwa Okonkwo, anapotolewa kijijini.

Shida ni kwamba pale asiyejua ni mtoto. Kaambiwa anarudishwa kwao, anatembea na mtungi wa pombe kichwani anawaza kama mama yake bado mzima, sisi tunajua anapelekwa kuuawa. Lakini Okonkwo naye anajua! Mzee Ezeudu alishamfuata akamwambia yule mtoto anakuita baba, usishiriki kumuua. Safu zote zina tiki, sasa kinaya cha shujaa wa tanzia kiko wapi? Nikafuta, nikahamisha, nikaongeza safu ya Ikemefuna, chati ikawa pana haisomeki, iliniudhi kweli.

Na Excel kwa kazi hii hapana. Nimehamia karatasi ya manila na kalamu za rangi, sura zote 25 ukutani unaziona kwa mkupuo, ndo nikagundua jibu lilikuwa sura ya 2. Msimulizi anasema waziwazi kwamba maisha ya Okonkwo yanaendeshwa na woga, woga wa kushindwa na kuonekana dhaifu kama baba yake Unoka. Sisi tunalijua hilo mapema kabisa, yeye anauita uanaume. Kwa hiyo Ikemefuna anapomkimbilia akilia baba wameniua, na yeye anachomoa panga asionekane mnyonge, tukio lote analijua ila hajijui. Basi safu ya pili sasa inaitwa "Okonkwo anajijua?" na hadi anajinyonga haina tiki hata moja!

Nilipanga sasa niende Mbanta, kijiji cha mama yake Okonkwo, ile miaka 7 ya uhamisho, lakini nimeona kitu kingine kimenikalia kichwani. Sura ya 13 bunduki yake inalipuka inaua kijana, kwenye msiba wa nani? Wa Ezeudu, na kijana ni mtoto wa Ezeudu, yule yule aliyemwonya! Halafu sura ya 20 rafiki yake Obierika anamweleza kinagaubaga mzungu ameshakata kilichowaunganisha na vijana wao wenyewe wako upande wake, Okonkwo bado anasema tupigane tuwafukuze. Sura ya 24 anamkata kichwa tarishi wa serikali ya wazungu, wanakijiji wenzake wanawaacha matarishi wengine wakimbie, na kuna anayeuliza kwa nini amefanya hivyo. Mtu aliambiwa kila kitu, sikio la kufa halisikii dawa.

Kwa hiyo Mbanta itasubiri. Nachora mstari mwekundu wa maonyo tu, nani alimwonya, sura gani, alijibu nini. Ezeudu na Obierika washaingia, kesho namtafutia nafasi mjomba Uchendu wa sura ya 14.