Njia ya Ngapi?

Ni Jumapili usiku, nimerudi kutoka Bugembe, nyumbani kwa Baba, na neno aliloniambia siku ya Jumatano bado halijaniachia. Si neno kubwa. Alisema "Haya," kisha akakata simu.

Kama mjuavyo, kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari ya saa moja mimi husoma redioni kumbukumbu za siku, na siku hiyo ilikuwa tarehe 2 Septemba. Niliandika hivi: "Siku kama ya leo, mwaka 1972, mjini Munich, John Akii-Bua aliipatia Uganda medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki katika mbio za mita 400 kuruka viunzi, kwa muda wa sekunde 47.82, ambao ulikuwa rekodi mpya ya dunia." Niliisoma vizuri, bila kukwama. Likafuata tangazo la unga wa mahindi, na kabla halijaisha simu yangu ikawa inatetemeka mezani.

"Umeamkaje, Baba?"

"Nimeamka. Nimekusikia. Yule kijana alikimbia njia ya ngapi?"

"Ya kwanza, Baba."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nafasi ilikuwa ndogo, Baba. Ni sekunde thelathini tu."

"Haya."

Tangu hapo nimeirudia "haya" ile nikiwa kwenye taksi, nikiwa jikoni, na hata katikati ya kikao ambacho mkuu mpya alitutangazia kwamba posho za usafiri zimefutwa. Kuna haya ya kukubali na kuna haya ya kuagana, na ipo ile ya mtu mzima aliyeona kwamba hakuna faida ya kuendelea kusema. Nilipojaribu kulala Jumatano nilikumbuka pia kwamba neno hilohilo, likitumika kwingine, maana yake ni aibu, na usingizi ukanipaa. Dada yangu alijifungua salama Mbale siku ya Alhamisi, mtoto wa kiume, namshukuru Mungu. Lakini hata nilipokuwa nikimpongeza kwa simu, sehemu ya akili yangu ilikuwa bado inamjibu Baba.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nalijua jambo lenyewe. Lilikuwa kwenye karatasi yangu, nikalikata kwa kalamu nyekundu ili nibakize muda na rekodi, kwa sababu takwimu husomeka haraka. Hiyo ndiyo hatari ya kazi hii ya maadhimisho. Tarehe 9 Oktoba 1962 tulipopata uhuru, tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alipopindua serikali, na tarehe 11 Aprili 1979 alipoangushwa, hazinihitaji mimi. Kila nyumba ya Uganda ina mtu wa kuzisimulia. Tarehe 15 Desemba nikimtaja mwanamuziki Philly Lutaaya, aliyefariki mwaka 1989 baada ya kujitokeza hadharani kusema kwamba ana UKIMWI, wasikilizaji hupiga simu wakitaka kuzungumza. Lakini tarehe 2 Septemba imebanwa pande zote mbili. Nyuma yake kuna tarehe 4 Agosti, siku ambayo Amin alitangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90, na mbele yake kuna tarehe 5 Septemba, siku tatu tu baada ya mbio zile, ambapo wanamichezo wa Israeli walivamiwa katika kijiji cha Olimpiki na Waisraeli 11 wakauawa. Nikisoma tarehe hiyo kwa sekunde thelathini na kuondoa kilichoifanya iwe yake, sijui kama nimeiadhimisha.

Leo nilikwenda kumwona. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, lakini sikupata nafasi ya kuyatumia, kwa sababu Baba alikuwa amenisubiri na mfuko wa vizibo vya soda.

Akafuta meza kwa kiganja, akachora kona ya uwanja kwa kidole kilicholowa chai, kisha akavipanga vile vizibo kimshazari, kila kimoja kikiwa mbele kidogo ya mwenzake. Kile cha mwisho, cha ndani kabisa, akakigeuza kichwa chini ili nikitambue. "Huyu hapa," akasema. "Wote anawaona migongo." Akanieleza kwamba mtu wa njia ya kwanza huanza nyuma ya wenzake wote, kwamba kona yake ndiyo kali kuliko zote, na kwamba mtu mrefu kama Akii-Bua hulazimika kupambana na miguu yake mwenyewe huku viunzi 10 vinamsubiri. Njia nyingine alikuwamo David Hemery wa Uingereza, aliyekuwa ameweka rekodi ya sekunde 48.12 katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Baba akakisogeza kile kizibo taratibu kikivuka kimoja baada ya kingine, na alipofika ukingoni mwa meza hakukisimamisha. Akakizungusha tena, kwa sababu Akii-Bua alipomaliza aliendelea kukimbia na kuruka.

Halafu akaniambia jambo ambalo, katika miaka yote ya kuishi naye katika kambi ya polisi, sikuwahi kulisikia. Mwaka ule alikuwa konstebo mpya Jinja, akilinda zamu za usiku kwenye maduka ambayo Wahindi walikuwa wakiyafunga. Habari ilipofika, askari walitoka nje ya vyumba wakiwa na fulana tu, wakipiga kelele kwa Kiswahili cha kambini, kwa kuwa aliyeshinda alikuwa polisi mwenzao. "Tulicheka," akasema, "na mwezi ule hakuna aliyekuwa amecheka." Nilimwangalia usoni, akawa kijana. Nikamuuliza kama alimkumbuka Akii-Bua siku Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni ya London, tarehe 12 Agosti 2012, baada ya miaka 40 bila dhahabu nyingine. Akasema alimkumbuka, na kwamba alihesabu miaka kumi na mitano tangu amsikie redioni kuwa amefariki, mwezi Juni 1997.

Jumanne itakuwa zamu yangu ya kipindi kirefu cha jioni. Nimekwisha kuandika sentensi ya kwanza, na inaanzia kwenye njia ya kwanza.

Nilipokuwa natoka, kiza kikianza kuingia, niliona upande wa bondeni kwamba mimea yetu ya mpaka imeng'olewa kama hatua tano hivi, na mahali pake pamepangwa matofali ya kuchoma ya jirani, yakiwa upande wetu. Udongo ulikuwa bado mbichi. Baba alikuwa mlangoni ananipungia mkono, nami sikumwambia. Nimempigia ndugu yangu wa Iganga mara tatu tangu nifike, na hajapokea.