Darasa la saba kamaliza, fomu wani ni Januari, hapo katikati asome nini?

Kila mwaka ikifika mwezi wa tisa, watoto wakishatoka tu kwenye mtihani wa darasa la saba, simu yangu inaanza. Mara shangazi flani, mara mama wa nyumba ya pili, mara mtu niliyesoma naye zamani ananifufua wasapu, na swali ni lile lile, dada hebu nitajie kitabu mwanangu asome maana anashinda na simu tu. Ni kwa sababu nina kabati la vitabu hapa nyumbani ambalo watoto wa mtaa wanaazima, na nimekuwa naangalia sana kipi kinarudi kesho yake na kipi hakirudi kabisa hadi nikakifuate (kisichorudi ndo kitabu chenyewe hicho). Basi leo naandika yote hapa, atakayeniuliza nitamtumia linki.

Kwanza hiyo likizo. Mtihani Septemba, fomu wani inafunguliwa Januari, yaani miezi mitatu na zaidi mtoto hana shule, hana homuweki, hana mtihani kichwani, hatakuja kupata nafasi kama hii tena hadi amalize fomu foo. Na wazazi wengi tunaijaza yote na pri fomu wani, asubuhi tuisheni ya Kiingereza, mchana tuisheni ya hesabu. Sikatai, Kiingereza kinawatesa kweli wakifika sekondari, karibu kila somo linabadilika lugha ghafla, Kiswahili tu ndo kinabaki kama kilivyo. Ila mtoto ambaye hajawahi kumaliza kitabu kizima hata kwa Kiswahili, lugha anayoiota usiku, we unategemea atamaliza cha Kiingereza? Ajue kwanza utamu wa kukesha na kitabu, lugha itafuata.

Alafu kuna hili la mafunzo. Mzazi akiniomba kitabu ananiambia "kiwe na mafunzo mazuri". Hapana jamani. Mtoto wa miaka kumi na mbili, kumi na tatu anayasikia mafunzo kuanzia asubuhi, msikitini au kanisani, shuleni, kwa bibi, kwa konda wa daladala, ukimpa na kitabu kinachomhubiria anakifunga ukurasa wa nne. Mpe stori. Stori ambayo akiitwa kula anasema nakuja na haji.

Kwa hiyo wa kwanza kwangu siku zote ni Bwana Msa. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla kilichapwa 1960 ila kilikuwa kimeshaibuka cha kwanza kwenye shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la 1957/58, yaani kina umri wa babu zao na bado kinawakamata. Mauaji yametokea, maiti imekutwa kwenye mzimu, watu wanaanza kunong'ona kwamba hayo si mambo ya binadamu, na hapo anaingia Bwana Msa na kiko chake mdomoni, yeye habari za mizimu hana, anauliza nani alikuwa wapi, nani anafaidika. Ndo stelingi wa kwanza wa upelelezi wa Kiswahili huyo na hana bastola wala hapigi mtu ngumi, anafikiri tu. Watoto waliokulia muvi za Kikorea wanamwelewa haraka sana kuliko unavyodhani. Nilimpa kijana mmoja hapa jirani, mtundu balaa, hasomi hata maandishi ya kwenye pakiti ya biskuti, siku mbili baadaye kaja mlangoni ananiambia dada usinambie muuaji, nishamjua, ila usinambie. Hakuwa amemjua, lakini alirudi kuchukua Kisima cha Giningi, kingine cha Bwana Msa, kwa hiyo nikanyamaza.

Tatizo lake ni moja, Kiswahili cha Unguja cha zamani, kuna maneno na misemo mtoto wa Dodoma au Mwanza atakwama kurasa za mwanzo. Dawa yake nasoma nao sura ya kwanza kwa sauti, mimi nasoma, wao wanasikiliza, nikishafika pale penye utata naacha, kitabu namkabidhi. Hapo hata kama kuna maneno hayajui atayaruka, na mwacheni ayaruke! Mambo ya kumkalisha na daftari aandike misamiati migumu ndo yanaua watu.

Wa pili, na hapa watu wananishangaa, ni Shaaban Robert, lakini Adili na Nduguze, sio vile vingine. Najua, jina la Shaaban Robert linawakumbusha watu mtihani, ila hiki cha 1952 ni hekaya kabisa ya majini na jiji ambalo watu wake wamegeuka mawe. Inaanza hivi, kuna liwali wa Janibu anaitwa Adili, anasifika kwa haki nchi nzima, alafu inagundulika kwamba kila usiku huyu mtu mwema anawachapa viboko manyani wawili. Kila usiku. Kwa nini? We mwenyewe sasa hivi umetaka kujua. Manyani hao walikuwa kina nani na walimfanyia nini Adili sikwambii, ingawa jina la kitabu limeshakaa na jibu na watoto wenye akili wanalinasa mapema wanajisikia wajanja. Ni kifupi, mtoto anakimaliza wikiendi moja. Kuna sehemu mzee anaanza kutiririsha busara, mistari na mistari, na hizo pia ruksa kuruka. Kusadikika mwachie kwanza, huko kesi ni ndefu na mtoto hajui bado serikali inavyobana watu midomo, akifika fomu tuu tatu ataielewa.

Kwa wale wanaopenda stori ya maisha, mtu anateseka alafu anasafiri alafu anapata, hakuna kinachoifikia Siku Njema ya Ken Walibora, 1996. Walibora ni Mkenya, alikuwa pia mtangazaji wa televisheni, alifariki Nairobi Aprili 2020, na kizazi kizima cha Wakenya kimekisoma hiki kitabu shuleni, ukikutana nao hata leo wanakutajia Kongowea Mswahili kama vile ni binamu yao. Na raha yake kwetu sisi ni kwamba inaanzia Tanga, mama yake Kongowea ni mwimbaji wa taarabu, mtoto anabaki peke yake mikononi mwa ndugu na kunyanyaswa kupo, baadaye anafunga safari mpaka Kitale huko Kenya kumtafuta baba. Kongowea mwenyewe ndo anayesimulia, mimi mimi mimi, na watoto wa umri huu wanapenda mtu anayewaongelesha moja kwa moja. Wasichana wanalia, wavulana wanalia alafu wanakataa. Shida ni kukipata, maduka mengi ya huku hawaleti vitabu vya Kenya, mi changu alinibebea mtu toka Mombasa.

Sasa kuhusu Rosa Mistika, maana lazima aulize mtu. Cha Kezilahabi, 1971, kijiji cha Namagondo kule Ukerewe, baba anayemchunga binti yake kwa fimbo mpaka binti anafika shule ya bweni hajui kitu chochote kuhusu dunia, na yanayofuata ni mabaya. Kuna kipindi kilizuiwa shuleni. Mimi darasa la saba simpi, fomu wani pia simpi, lakini binti akishafika fomu tuu tena yuko bweni, nampa na namwambia njoo tuongee ukimaliza, na mama yake namwambia pia kwamba nimempa, sifanyi kwa kificho. Kuna mama tulikwaruzana kwa hili. Msimamo wangu sijabadilisha, hatari ya Rosa ilikuwa kutokujua.

Watoto wa Mama N'tilie na Takadini vimekuwa vikisomwa fomu three kwenye fasihi, kwa hiyo kuna wazazi wanasema awahi. Watoto wa Mama N'tilie, cha Emmanuel Mbogo, kinamfaa hata mdogo kidogo maana Peter na Zita ni watoto kama yeye, wamefukuzwa shule kisa ada na sare, wanaangukia kuokota jalalani hapo hapo Dar anapopajua, ila ujue kina huzuni nzito na madawa ya kulevya yamo, kaa karibu. Takadini namuwahisha makusudi kabisa. Mama anamtorosha usiku mwanaye mwenye ualbino kwa sababu mila inataka auawe, na bora mtoto amsome Takadini kabla hajasikia ujinga wa mtaani kuhusu albino. Tatizo la kuwahi ni wakubwa, hawawezi kujizuia, mtoto ana kurasa ishirini tu wameshaanza "dhamira kuu ni nini? Mhusika ana sifa gani?". Kaka yangu, dada yangu, acha. Hayo kuna mwalimu analipwa mshahara ayaulize. We muulize "umefika wapi?" basi, akitaka atakusimulia hadi uchoke.

Akiwa msomaji wa kweli, wale wanaokula kitabu kwa siku, mpe Shamba la Wanyama, Animal Farm ya George Orwell kwa tafsiri ya Kawegere ya 1967. Fupi, wanyama wanaongea, atacheka na nguruwe mwanzoni alafu katikati ataanza kukuuliza maswali kuhusu watu unaowaona kwenye taarifa ya habari. Ya Kiingereza anzeni na vile vyembamba vya Richard Mabala, Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer, vya fomu wani hivyo, hakuna haja ya kukimbilia mijitabu minene ya wachawi wa Uingereza kwa sababu tu mtoto wa bosi wako anaisoma.

Namna ya kumpa nayo ni ishu. Usimnunulie kimoja ukamwekea mezani kama dawa. Weka vitatu vinne, sema chagua, na akisoma kurasa ishirini kikimboa arudishe achukue kingine bila kuitwa mvivu. Na simu usimnyang'anye siku ileile uliyomletea kitabu, atakichukia bure.

Dar, vitabu vya Shaaban Robert vinapatikana pale duka la vitabu la TPH, Samora, vya fasihi ya sekondari viko karibu kila duka la vifaa vya shule, na wale wa mitumba ya vitabu Posta ukiwa na subira ya kuchambua utaokota maajabu. Walio mikoani msidharau maktaba ya mkoa. Bwana Msa ndo kazi kidogo, mimi mwenyewe Duniani Kuna Watu yangu iliondoka na mtoto aliyehamia Songea na familia yake na haijarudi. Mwenye nakala ya kuuza aniambie, hata kama haina gamba.