Chesisi ya kisasa chini ya bodi ya zamani: pima upana kabla ya urefu

Anayetafuta chesisi (fremu ya chuma inayobeba bodi) ya kuweka chini ya gari la zamani karibu kila mara huanza na kipimo kimoja, yaani umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Kipimo hicho ni cha lazima, ila ndicho rahisi kuliko vyote kurekebisha, kwa sababu reli, vile vyuma viwili virefu vya chesisi, hukatwa na kuungwa. Kinachowashinda watu ni upana kutoka tairi la kushoto hadi la kulia, na baada ya hapo kimo cha sakafu.

Chukua Mercury za 1949 hadi 1951, gari linalopendwa mno na mafundi wa kukata paa na kulaza bodi chini. Ekseli kwa ekseli ni inchi 118. Pikapu ya Chevrolet S-10 yenye kabini fupi na bodi ndefu ya mizigo ina inchi 117.9. Tofauti ni milimita mbili na nusu, haionekani kwa macho. Kwenye karatasi kazi imekwisha. Lakini S-10 ya kizazi cha kwanza, bodi nzima, ina upana wa karibu inchi 65, na Mercury inakaribia 77. Magurudumu yanazama ndani ya madigadi, gari linafanana na mtu mnene aliyevaa viatu vya mtoto.

Upande wa pili kuna Crown Victoria za 2003 hadi 2011, zenye inchi 114.7 hivi, na Ford za 1949 hadi 1951 zenye inchi 114. Hata matundu ya boliti za magurudumu yanalingana: boliti 5 kwenye duara la milimita 114.3. Sasa pima katikati ya tairi hadi katikati ya tairi. Crown Victoria inapita inchi 63, Ford ya zamani ina 56 mbele. Magurudumu ya Crown Victoria yanazidi kwa inchi saba, tatu na nusu kila upande, na madigadi hayana pa kuyaficha. Rimu za Crown Victoria zenyewe tayari zimeingizwa ndani sana, kwa hiyo hakuna rimu itakayokuokoa.

Chesisi iliyo nyembamba ina nafuu kuliko iliyo pana. Nyembamba unaweza kuisogeza nje kwa rimu zenye ofseti ndogo (zinazokaa nje zaidi) au kwa spesa nzuri (pete za kusogeza rimu nje) za kukaa kwenye habu, milimita 25 kila upande bila wasiwasi mkubwa. Ukizidi hapo beringi za magurudumu zinabeba mzigo ambao hazikuundiwa, na usukani unaanza kuvutwa huku na huku kwenye barabara mbovu. Pana ni shida nyingine kabisa. Ekseli ya nyuma inafupishwa na fundi mwenye mashine ya kuichonga, na shafti zake zinakatwa upya. Mbele hapafupishwi kwa kukata katikati ya krosimemba (chuma kinachounganisha reli mbili) na kuunga. Urefu wa rodi za stelingi na urefu wa mikono ya sasipensheni vimepangwa pamoja. Ukivuruga uwiano huo, magurudumu yatajigeuza yenyewe kila gari linapopanda tuta, hata kama mikono yako imeshika usukani kwa utulivu.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, funga rimu na tairi utakazotumia kweli na pima kutoka uso wa nje wa tairi la kushoto hadi la kulia. Kisha pima nafasi ndani ya madigadi ya gari lako. Acha angalau milimita 20 kila upande nyuma. Mbele acha zaidi, maana tairi linapokata kona pembe yake ya mbele hutoka nje na ya nyuma huingia ndani. Kipimo cha tatu, kinachosahaulika, ni kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi ule ukuta unaotenga injini na kabini. Injini hukaa kwenye chesisi mpya mahali pake pa kawaida, na ukuta wa gari la zamani unaweza kuwa palepale inapotaka kukaa distribyuta.

Sakafu nayo ina maneno yake. Reli za pikapu ziko karibu karibu, zimenyooka chini ya kabini, na huinuka juu ya ekseli ya nyuma. Pikapu haijali, kwa sababu bodi yake yote iko juu ya reli. Bodi ya saluni ya zamani ikiwekwa hivyo bila kukatwa sakafu husimama juu kama ngamia, na uzuri wote wa gari la kulazwa chini unapotea. Ili ishuke, sakafu inakatwa na kuinuliwa, mara nyingi inchi tatu hadi tano, na chini ya kiti cha nyuma zaidi, ili ekseli ipate pa kupanda. Hapo nafasi ya kichwa inapungua. Kwenye gari ambalo paa limekwisha kukatwa, keti ndani na pima kichwa chako hadi dari kabla ya kuamua. Wengi wakifika hapa hugundua kwamba wangefanya vizuri zaidi kubaki na chesisi ya zamani, kuifunga reli zake ziwe boksi na kupachika sasipensheni ya kisasa mbele peke yake. Kama chesisi ya zamani haijaoza wala haijapinda, hiyo ndiyo njia ningeipendekeza kwa saluni nyingi. Kubadilisha chesisi nzima kunalipa zaidi kwenye pikapu za zamani, kama zile Chevrolet za nusu tani za 1947 hadi 1955 zenye inchi 116.

Neno la haraka kuhusu sheria: katika nchi nyingi namba ya chesisi ndiyo kitambulisho cha gari. Uliza mamlaka ya usajili kabla ya kukata. Kuikata namba ya zamani na kuichomelea kwenye reli mpya ni kosa la jinai mahali pengi, hata kama gari zote mbili ni zako.

Tuseme umeamua. Kabla ya kulegeza boliti moja, bodi ifungwe kwa ndani. Milango ikiwa imefungwa na nafasi zake zimepimwa na kuandikwa kwenye utepe wa rangi palepale, chomelea mabomba ya mraba ya milimita 25 kutoka nguzo ya mbele hadi nguzo ya katikati kila upande, nguzo za mlango wa kushoto hadi za mlango wa kulia, na mawili ya kukatana kwa umbo la X. Bodi ya zamani bila chesisi ni kama boksi la viatu lisilo na kifuniko. Ikining'inia vibaya inajikunja na milango haifungi tena. Mabomba haya yanabaki hadi mwisho, kwa hiyo yapange yasizuie mlango kufunguka.

Boliti za bodi zipulizie mafuta ya kupenya siku mbili tatu kabla. Nyingi zitakatika tu, na grainda ni jibu halali. Kabla ya kuinua, zunguka gari mara mbili ukitafuta vinavyosahaulika: waya wa ethi kati ya injini na bodi, waya wa breki ya mkono, bomba la mafuta, na shafti ya usukani.

Chesisi mpya iweke juu ya stendi nne na isawazishwe kwa pimamaji. Pima mshazari kutoka tundu la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, na kinyume chake. Tofauti ikizidi milimita 3, chesisi imepinda na isiguswe mpaka inyooshwe. Kisha dondosha timazi kutoka kwenye senta za magurudumu na uchore mistari sakafuni. Mistari hiyo ndiyo kumbukumbu yako chesisi itakapokuwa vipande viwili.

Hatua inayofuata ndiyo inayoharibu kazi nyingi, na kosa lake huonekana mwishoni kabisa. Chesisi bila injini wala bodi hukaa juu sana kwenye springi zake. Ukipanga bodi katika hali hiyo, gari likimalizika litakuwa limezama inchi kadhaa kuliko ulivyotaka, au pua imelala na mkia umeinuka. Toa springi. Weka fimbo ya chuma yenye matundu mahali pa shokapu, ikishika mkono wa chini wa sasipensheni usawa na ardhi, na hapo ndipo pawe kimo cha gari lililokamilika. Nyuma fanya vivyo hivyo. Springi halisi utazichagua baadaye, ukishajua uzito.

Kwenye kimo hicho angalia mlalo wa reli. Pikapu tupu huwa imeinua mkia, na kasta ya magurudumu ya mbele (mlalo wa mhimili wa kugeuzia gurudumu ukitazamwa kwa ubavu) imepangwa kwa mlalo fulani wa reli. Ukiinamisha chesisi mbele kwa digrii moja, unapoteza digrii moja ya kasta; ukiiinamisha nyuma unaongeza. Wanaopenda gari lenye pua chini hupoteza digrii mbili au tatu bila kujua, kisha wanalalamika kwamba usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Kwa stelingi ya pawa lenga kasta chanya ya digrii 3 hadi 5, na uhakikishe marekebisho ya mikono ya juu yanaweza kuifikia kabla ya kuchomelea chochote.

Kama reli lazima zifupishwe, kata sehemu iliyonyooka, mbali na kona na vishikizo. Usikate wima moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Kata kwa ngazi: juu mahali pamoja, chini mahali pengine, tofauti ya angalau kimo cha reli yenyewe, ili mstari wa kuungia usiwe mmoja. Benua kingo digrii 30, acha upenyo wa milimita 1.5 hadi 2, shika kwa nukta chache za kuchomelea pande zote mbili, pima mshazari tena, ndipo ujaze. Waya wa ER70S-6 wa milimita 0.9 na gesi ya agoni asilimia 75 na kaboni dayoksaidi 25 unatosha kwa unene wa kawaida. Choma vipande vifupi, badilisha upande, acha vipoe. Ukisubiri kumaliza reli moja yote ndipo uhamie nyingine, joto litaivuta na chesisi itakuwa ndizi. Bamba la kuimarisha likatwe kwa umbo la almasi, unene sawa na wa reli, na usichomelee mstari wa wima kukata kingo za juu na za chini za reli, kwa sababu ufa huanzia hapo hapo. Chesisi za miaka ya karibuni mara nyingi ni za chuma chenye nguvu ya juu ambacho joto hukilainisha. Mwongozo wa ukarabati wa mtengenezaji huonyesha panaporuhusiwa kukatwa, na pasipoonyeshwa usikate.

Vishikizo vya bodi vitengenezwe kwa bamba la milimita 5, na kila kimoja kipate mpira wake. Boliti ikipita ndani ya reli ya boksi, weka bomba ndani ya tundu na ulichomelee, la sivyo ukikaza nati reli inabonyea na boliti haitabaki imekazwa. Shusha bodi, panga vibamba vyembamba chini ya mipira, kaza kidogo kidogo na uangalie zile nafasi za milango ulizoandika. Mlango ukigonga mahali, nguzo ya katikati au ya mbele imepanda au imeshuka. Ongeza au punguza kibamba hapo, usiguse bawaba.

Shafti ya usukani: kila jointi isipinde zaidi ya digrii 35, na zikizidi mbili lazima iwepo beringi ya kushikilia shafti iliyo katikati, iliyofungwa kwenye reli. Uma za jointi za ncha mbili za shafti moja zielekee upande mmoja, vinginevyo usukani utakuwa mwepesi, mzito, mwepesi, mzito kila mzunguko.

Propela, shafti inayopeleka nguvu nyuma: injini ikilala digrii 3 nyuma, pua ya difu (giaboksi ya ekseli ya nyuma) iinuke digrii 3, ili shafti ya injini na ya difu ziwe sambamba. Acha milimita 25 za ulimi (ncha ya propela inayoteleza) kabla haujagonga ndani ya giaboksi, na vipimo hivi vyote vichukuliwe gari likiwa kwenye kimo chake.

Masta silinda ikiwa chini ya sakafu, chini ya kimo cha kalipa (kifaa kinachobana diski ya breki), weka valvu ya kubakiza shinikizo la psi 2 kwenye mstari wa diski na psi 10 kwenye wa dramu, maana mafuta hurudi yenyewe na pedali itazama kwa mkanyago wa kwanza. Mabomba ya breki yawe ya chuma au ya aloi ya shaba na nikeli, si ya shaba tupu, yenye ncha zilizokunjwa mara mbili. Viungio vya kubana kwa pete usiviweke kwenye breki kamwe. Valvu ya kugawa nguvu kwa nyuma iwe ya kurekebishwa, kwa sababu uzito wa bodi hauko pale pikapu ilipouweka.

Bushi za mikono zikazwe mwishoni, gari likiwa limesimama kwa uzito wake wote. Zikikazwa zikining'inia, mpira unakuwa umesokotwa saa zote na unachanika mapema. Baada ya kilomita 100 kaza tena vishikizo vya bodi, na futa viungo vyote ulivyochomelea ukivikagua kwa taa kali. Nyufa za kwanza huonekana kama mstari wa kutu mwembamba unaotoka chini ya rangi.