Sista aliyesema mkono utauma

Mama mkubwa alipokataa chanjo ya korona, wengi hapa Langoni, mtaa wetu wa Lamu, walimwita mbishi. Mimi sikuliona hivyo. Alikuwa na hoja.

Kenya ilianza kuchanja Machi 2021, kwa dozi milioni moja na ushei za AstraZeneca. Siku chache tu baadaye Denmark, kisha Ujerumani na Ufaransa, zikaisimamisha kwa muda kwa sababu ya visa vya damu kuganda. Habari hiyo ilifika Lamu kwa WhatsApp kabla sindano zenyewe hazijatufikia. "Wazungu wenyewe wameiogopa, sisi tudungwe?" aliniuliza. Swali la haki kabisa.

Na watu walikuwa hawajasahau mwaka uliotangulia. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, tuliona video za polisi wakiwapiga watu pale feri ya Likoni, Mombasa, na kuwarushia vitoa machozi, watu waliokuwa wakiwahi kwao. Ugonjwa wa kifua, halafu unawakohoza watu kwa moshi! Barakoa nayo ikaja na faini ya hadi shilingi 20,000, basi ikawa ya kuvaliwa askari akitokea na kushushwa kidevuni akishapita. Virusi havina habari na askari.

Aliyembadilisha mama mkubwa ni sista wa zahanati, yule yule aliyewachanja wajukuu zake polio na surua. Alikuja baada ya alasiri, akakaa naye barazani, akaulizwa la damu. Hakulikanusha.

"Ni kweli, mama, imetokea, lakini kwa wachache mno. Korona yenyewe inagandisha damu zaidi, nawe una presha na sukari."

"Na wewe ushachanjwa?"

"Nishachanjwa. Mkono utakuuma. Usiku waweza kupata homa na baridi. Meza panadoli, unywe maji. Ikipita siku mbili hujapoa, nipigie mimi."

Akararua kipande cha boksi la majani ya chai, akamwandikia namba yake.

Homa ikaja kweli. Mama mkubwa alitetemeka usiku kucha, mimi roho juu, nikijua mtaa mzima utasema "si tuliwaambia?" Asubuhi akaketi kitandani akasema, "Yote aliyoyasema yamekuwa." Homa ambayo ingemkimbiza ndiyo iliyomfanya amwamini. Dozi ya pili alikwenda mwenyewe, akamvuta na jirani.

Ndiyo maana hunikera nikisikia matangazo ya chanjo yanayoficha maumivu, eti watu wasiogope. Mtu akiumwa bila kuambiwa, ataliamini lipi tena?

Sista amehamishwa, jambo linaloniuma. Lakini mpox, ugonjwa wa virusi unaotoa vipele, ilipotangazwa nchini mwaka 2024, kisa cha kwanza kikiwa Taita Taveta, mama mkubwa alimpigia. Jioni nilimsikia akiwaeleza majirani: huambukiza hasa kwa kugusana na mwenye vipele, msichangie mashuka wala taulo, na mtoto akitoka vipele vyenye homa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.