Gojo hana nguvu zisizo na kikomo. Ana umbali

Onyo kwanza: kama hujamaliza kusoma Jujutsu Kaisen, ile manga (katuni ya Kijapani) ya wachawi wanaopigana na laana, ishia hapa hapa, maana nataja kifo.

Mdogo wangu ameninunia tangu juzi usiku. Nilimwambia nguvu za Gojo Satoru, mchawi hodari kuliko wote wa hadithi hiyo, zina kikomo, akainuka kitandani kama nimemtukania mama. "Dada, jina lenyewe la mbinu linasema haina kikomo! Unabishana na jina?"

Ndiyo, nabishana na jina.

Gojo mwenyewe anaielezea Mukagen, ndiyo hiyo mbinu yake "isiyo na kikomo", kwa kile kitendawili cha Mgiriki Zeno: Achilles anamkimbiza kobe, na kila akifika pale kobe alipokuwa, kobe keshasogea kidogo. Ngumi inayomwendea Gojo ni hivyo hivyo. Kadiri inavyokaribia ndivyo inavyozidi kwenda polepole, na haimgusi.

Nikakata ukanda wa karatasi wa sentimita 32, nikampa mkasi. Kata katikati, nusu moja weka kando, nusu nyingine kata tena. 16, 8, 4, 2, 1. Alipofika kwenye nusu sentimita mkasi ukaanza kutafuna karatasi badala ya kuikata. "Si unaona? Haiishi!" Nikamwambia apange vipande vyote mezani, kimoja baada ya kingine. Ukarudi ukanda uleule. Angekata mpaka kesho, visingezidi sentimita 32 hata kwa unywele. Kisichokwisha ni kukata. Kinachokatwa kina ncha mbili.

Sasa hapo ndipo mashabiki wanapochanganya mambo, kwa sababu neno ni moja. Mukagen haimpi Gojo misuli isiyo na kikomo, inaipa ngumi ya adui safari isiyokwisha. Mlinzi ambaye hafikiki si lazima awe mbeba mizigo hodari.

Na mwandishi, Gege Akutami, ametuonyesha hilo mara kadhaa. Toji, muuaji wa kukodiwa, alimvizia Gojo kijana aliyekesha siku kadhaa mbinu ikiwa imewashwa, akamchoma upanga pale tu alipoizima. Baadaye akamtoboa koo kwa mkuki unaobatilisha mbinu. Hakuhitaji nguvu kubwa kuliko "isiyo na kikomo", alihitaji subira na kifaa. Ukifungiwa ndani ya domaini ya adui, yaani eneo la kichawi analoliumba yeye, nako, shambulio linakupata tu, umbali au hapana umbali.

Halafu sura ya 236. Niliisoma mara tatu nikidhani nimeruka ukurasa. Sukuna, adui mkuu anayemuua Gojo, hakumkata kwa kuushinda ule umbali, alikata nafasi yenyewe, ulimwengu ambamo Gojo amesimama. Yaani hakupita juu ya ukanda wangu wa karatasi nusu kwa nusu. Aliukata ukanda na aliyekuwa juu yake.

Hoja ninayoipenda zaidi, ambayo dogo hajaijibu, ni Murasaki ya asilimia 200, shambulio kali la Gojo, ile aliyofungulia nayo pambano lake na Sukuna huko Shinjuku. Asilimia 200 ya nini? Kitu kisicho na kikomo ukikizidisha kwa mbili kinabaki kilekile. Ukiweza kukiongeza maradufu, basi kilikuwa na kipimo. Na Sukuna alipigwa nayo akabaki amesimama!

Kwa haki yake, dogo alinibana sehemu moja: Macho Sita, yale macho ya pekee aliyozaliwa nayo Gojo. Yanamfanya Gojo atumie nishati kidogo mno kiasi kwamba haimwishii, na alipokomaa akaweza kuiacha Mukagen iwake muda wote. Nilifikiri sana hapo. Tangi ambalo halikauki kwa kuwa unateka kwa kijiko si bahari, lakini kwa anayekunywa tofauti iko wapi? Pointi hiyo nimempa, na bado nadhani haihusu nguvu. Inahusu uvumilivu.

Leo asubuhi amerudi na Saitama, shujaa wa One Punch Man anayemaliza adui kwa ngumi moja. Nimemwambia aniache nioge kwanza.